Mama Ameshafika Hospitali: Mhadhara juu ya Watoto Njiti na Wachanga Mahututi wa Masasi na Newala



Nimekuja kusema habari za raia wasioweza kujisemea. Ninaowazungumzia ni watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, wale tunaowaita njiti, pamoja na wenzao waliotimiza miezi lakini wakazaliwa wamechoka, hawakulia, au wakashikwa na homa kali kabla kitovu hakijakauka. Watoto hawa wanazaliwa hapa Masasi, wanazaliwa Nanyumbu, Newala na Tandahimba. Wapo wanaorudi nyumbani mikononi mwa mama zao. Wapo wanaozikwa upesi, mara nyingine hata jina hawajapewa, na mama anaambiwa anyamaze, Mungu atampa mwingine.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiwepo wa kuutafuta. Kwa miaka mingi tumewasihi kina mama wasijifungulie nyumbani. Wametusikia. Wametoka Lukuledi, Chiungutwa, Kitangari na Mnyambe, wamepanda bodaboda wakiwa na uchungu, wamekuja. Sasa deni liko upande wa hospitali. Mtoto mchanga mgonjwa akifika anapaswa kukuta chumba chake, muuguzi anayeijua kazi hiyo, kifaa cha kumsaidia kupumua, na nafasi ya mama yake kulala naye. Pasipokuwa na vitu hivyo, tutakuwa tumemwita mama aje kufiwa mbele yetu badala ya kufiwa kwake.

Hesabu za taifa zinavyosema

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya watoto nchini walizaliwa kwenye vituo vya kutolea huduma za afya. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 81. Hayo ni mageuzi makubwa ndani ya muda mfupi, na walioyafanya ni kina mama wenyewe, pamoja na waume, mama wakwe na bibi waliokubali kuachia desturi ya kuzalia nyumbani.

Katika kipindi hichohicho, vifo vya watoto walio chini ya umri wa miaka 5 vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Chandarua, chanjo na dawa mseto ya malaria vimefanya kazi yake. Lakini tazameni siku 28 za kwanza za maisha. Mwaka 2015/16 walikufa watoto 25 kwa kila 1,000 katika siku hizo. Mwaka 2022 walikufa 24. Pungufu ni mmoja tu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wanaokufa nchini kabla ya miaka 5 sasa wanakufa kabla ya kumaliza mwezi, na wengi wao katika wiki ya kwanza. Dunia nzima ilipoteza watoto wachanga wapatao milioni 2.3 katika mwaka 2022, nasi tumo katika hesabu hiyo. Lengo la kimataifa ni kufikia vifo 12 au chini yake ifikapo mwaka 2030. Kwa mwendo wa mtoto mmoja katika miaka sita au saba, hatufiki.

Kwa nini chandarua kilichomwokoa mtoto wa miaka miwili hakikumwokoa mtoto wa siku mbili? Kwa sababu wauaji wao ni tofauti. Mtoto mchanga anauawa na mambo matatu makubwa: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Yote matatu yanahesabu muda kwa dakika na saa, na yote yanataka mtu mwenye ujuzi aliyesimama karibu.

Jambo hili sisi watu wa Kusini hatukulisoma vitabuni tu, lilijaribiwa kwetu. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2013, Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na chuo cha afya na tiba za nchi za joto cha London waliendesha utafiti mkubwa katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Newala na Tandahimba zikiwemo. Mpango ule ulijulikana kwa jina la Mtunze Mtoto Mchanga. Kina mama wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba, kwa wajawazito na kwa waliojifungua. Walifundisha usafi wa mikono ya anayezalisha, kutokumwogesha mtoto mara tu azaliwapo, kumnyonyesha mapema bila kumpa kitu kingine, na kumweka mtoto mdogo kifuani ngozi kwa ngozi. Walibeba hata picha ya wayo wa mtoto ili waulinganishe na wayo wa mtoto aliyezaliwa, maana katika vijiji visivyo na mizani, wayo mfupi huonyesha mtoto anayehitaji uangalizi zaidi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Familia zilibadilika: watoto wengi zaidi walinyonyeshwa maziwa ya mama peke yake tangu mwanzo. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua. Naomba mtu asilichukue hilo kuwa ni dharau kwa wale kina mama wa kujitolea. Walifanya kazi yao na jamii iliwaitikia. Ujumbe mwema nyumbani una mpaka wake. Mama anaweza kujua kila kitu, akafika mapema, akanawa, akanyonyesha, na bado mtoto wa kilo moja na nusu akahitaji oksijeni, dripu ya sukari, dawa ya maambukizi na jicho la muuguzi saa nane ya usiku. Hivyo havipatikani kwa kutembelewa nyumbani.

Mwili wa mtoto asiyetimiza siku

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito ni njiti. Mwaka 2020 walizaliwa njiti wapatao milioni 13.4 duniani. Wengi wao walikuwa wamekaribia kutimiza siku zao, na hao ndio rahisi zaidi kuwaokoa. Nieleze kinachowapata, kwa sababu mzazi anayeelewa hali ya mtoto wake hauziwi hofu, na diwani anayeelewa hadanganywi na orodha ya vifaa.

La kwanza ni joto. Njiti hana mafuta chini ya ngozi, ngozi yenyewe ni nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake. Joto linamtoka upesi. Mwili wake unapaswa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akishuka, anatumia sukari yote aliyonayo kujipasha, sukari ikiisha anapumua kwa shida, na akipumua kwa shida anazidi kupoa. Newala iko juu, na alfajiri zake za mwezi Juni na Julai zina baridi ya kumtosha mtu mzima. Mtoto aliyeachwa mezani dakika 10 akiwa amelowa, wakati watu wanamshughulikia mama, ameshaanza safari mbaya.

La pili ni pumzi. Ndani ya mapafu kuna utando laini wa mafuta unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila mtoto anapotoa pumzi. Utando huo hukamilika katika wiki za mwisho za ujauzito. Njiti anayeukosa hupumua kwa nguvu zote, mbavu zikiingia ndani, akikoroma, mpaka anachoka. Mwaka 1959 daktari wa Marekani Mary Ellen Avery ndiye aliyeonyesha kwamba upungufu huo ndio kiini cha ugonjwa. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Rais John Kennedy wa Marekani alipata mtoto, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na uzito wa kilo 2.1. Madaktari bora wa nchi tajiri kuliko zote walikuwa kando yake. Alikufa baada ya saa 39.

Naomba mlitafakari hilo. Kilo 2.1 ni uzito ambao mkunga wa Masasi anaupokea mara kwa mara, na mtoto wa uzito huo leo ana kila sababu ya kuishi, kwa vifaa ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kuwa navyo. Mtoto wa rais alikufa kwa kuwa ujuzi haukuwapo popote duniani. Wa kwetu akifa leo hatuna udhuru huo, kwa kuwa ujuzi upo.

La tatu ni chakula. Kabla ya wiki ya 34 hivi, mtoto hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Akilazimishwa titi au kijiko, maziwa yanaingia mapafuni. Hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni, maziwa ya mama aliyoyakamua, matone machache kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. La nne ni maambukizi: kinga yake ni changa, na mdudu anayepita kwa mtu mzima bila dalili humlaza mtoto huyu kwa saa chache. Tena kuna manjano, kwa sababu ini halijakomaa, na kuna kusahau kupumua, kwa sababu ubongo nao haujakomaa.

Vifaa vyenye manufaa na hatari zake

Tiba ya watoto hawa imejengwa hatua kwa hatua, na hatua nyingi zilitokana na mtu aliyetazama kwa makini. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa njiti nje wapate jua. Aliona kwamba manjano ilipungua mahali palipopigwa na mwanga, ikabaki palipofunikwa. Madaktari wakafuata uchunguzi wake, na ndiyo asili ya taa za bluu zinazotumika leo kila mahali kuzuia manjano isiharibu ubongo. Taa hiyo haikuanzia katika maabara kubwa. Ilianza kwa muuguzi aliyewajua watoto wake.

Kwa pumzi, mwaka 1971 George Gregory wa San Francisco alieleza njia ya kupeleka hewa yenye msukumo mdogo usiokatika mapafuni mwa mtoto, ili vifuko vya mapafu visifunge. Ndiyo mashine ya CPAP. Kwa muda mrefu ilikuwa ghali, hata madaktari wa Malawi katika hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, wakishirikiana na chuo cha Rice cha Marekani, walipotengeneza na kujaribu aina nyepesi inayotumia chupa ya maji yenye mapovu. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014, watoto wenye shida kubwa ya kupumua waliotumia mashine hiyo walipona asilimia 71. Waliopewa oksijeni ya kawaida walipona asilimia 44. Malawi si nchi tajiri kuliko Tanzania. Tangu mwaka 2019, muungano wa taasisi ujulikanao kama NEST360 umekuwa ukipeleka vifaa vya namna hii na mafunzo yake katika hospitali za Kenya, Malawi, Nigeria na Tanzania.

Lakini kifaa bila ujuzi kinadhuru. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, hospitali za Ulaya na Marekani ziliwajaza njiti oksijeni kwa nia njema, na maelfu yao wakapofuka, kwa sababu oksijeni ikizidi huharibu mishipa michanga ya jicho. Mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wao. Kwa hiyo kununua mtungi wa oksijeni bila kununua kipimo kidogo cha oksijeni ya damu kinachofungwa mguuni ni kumwokoa mtoto na kumpofusha kwa mkono uleule. Njiti anayepewa oksijeni inatakiwa kipimo kisome kati ya asilimia 90 na 95, na lazima awepo mtu wa kukisoma.

Ipo tiba inayoanza hata kabla mtoto hajazaliwa. Mama mwenye dalili za kujifungua mapema akichomwa deksamethasoni, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, katika Kenya, Nigeria na nchi tatu za Asia, ulithibitisha kwamba sindano hiyo hupunguza vifo. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliopeleka dawa ileile mpaka ngazi za chini kabisa katika nchi sita, haukupata manufaa hayo. Tofauti iko hospitalini: sindano inasaidia pale mimba inapopimwa umri kwa uhakika na mtoto anapozaliwa mahali penye huduma. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa zahanati: mama wa wiki 30 akianza uchungu, mpelekeni mbele akiwa bado na mtoto tumboni kila inapowezekana. Hakuna gari la wagonjwa linalomhifadhi njiti vizuri kuliko tumbo la mama yake.

Kifua cha mama

Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Colombia, alikuwa na hospitali iliyojaa njiti, wawili watatu katika inkubeta moja, wakiambukizana. Aliamua kuwapa mama zao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, saa zote, njia inayoitwa kangaruu. Akaja Héctor Martínez wakaendeleza pamoja. Watu wengi walidhani hiyo ni tiba ya kimaskini, ya kuvumilia mpaka inkubeta zije. Utaratibu wa hospitali ukawa kwamba mtoto aende kangaruu baada ya kutulia. Akiwa bado mgonjwa, atengwe na mama.

Dhana hiyo ilivunjwa na utafiti ambao Tanzania ilishiriki. Hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya kwetu ikiwa Muhimbili, ziliwachukua watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo 1.0 na kilo 1.8. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili liliwekwa kifuani mwa mama au ndugu mara baada ya kuzaliwa, na mama akahamishiwa ndani ya wodi ya watoto mahututi, akiwa na kitanda chake humo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: katika kundi la kwanza walikufa asilimia 15.7, katika kundi la pili asilimia 12.0. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa manufaa yalikuwa wazi, na haikuwa haki tena kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba njiti waanze kangaruu mara wanapozaliwa.

Kifuani, joto la mtoto halikatiki umeme unapokatika. Mtoto hupata vijidudu vya mama yake badala ya vijidudu sugu vya wodini. Maziwa ya mama hutoka vizuri zaidi. Na mama mwenyewe huwa mlinzi wa kwanza kuona kwamba mtoto amebadilika rangi. Kangaruu haiondoi haja ya CPAP, dripu wala dawa. Inafanyika pamoja navyo. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa wodi yoyote ya watoto wachanga si idadi ya inkubeta, ni idadi ya vitanda vya kina mama ndani yake. Mama anayelala sakafuni kwenye varanda, au anayeruhusiwa kuingia saa za kutazama wagonjwa tu, ameondolewa katika tiba ya mtoto wake.

Na baba, shangazi na bibi wana nafasi. Mama aliyefanyiwa upasuaji hawezi kumbeba mtoto siku nzima ya kwanza. Kifua cha baba kina joto lilelile. Katika nchi yetu hii ya Kimakonde, Kimakua na Kiyao, mzigo wa mtoto mchanga haukuwahi kuwa wa mtu mmoja. Tuupeleke utaratibu huo wodini.

Muuguzi wa usiku

Kusini haianzi leo kujifunza tiba. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifungua kituo hapa Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao ya Mtakatifu Benedikto imekuwa kimbilio la wilaya zote za jirani. Mwaka 1935 daktari Leader Stirling alifika Lulindi, akaanza kutibu na kupasua katika majengo ya kienyeji, huku akifundisha wenyeji kazi ya uuguzi. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka 1975. Katika historia hiyo yote, kilichodumu kuliko majengo ni watu waliofundishwa wakabaki.

Nasisitiza neno kubaki. Kazi ya watoto mahututi inajifunzwa kwa mikono: kupata mshipa mwembamba kama uzi, kujua mkoromo wa hatari na usio wa hatari, kupima dripu kwa matone. Inachukua miezi. Hospitali nyingi nchini zina mazoea ya kuwahamisha wauguzi kutoka wodi hadi wodi kwa zamu ya miezi michache. Muuguzi akishaiva anapelekwa wodi ya wanaume, na mgeni anaanza upya juu ya miili ya watoto. Nchini Uingereza, mtoto aliye mahututi kabisa hutakiwa awe na muuguzi wake peke yake, na hata wale wanaoendelea vizuri, muuguzi mmoja asizidishe watoto 4. Sisi hatufiki huko kesho. Lakini muuguzi mmoja wa usiku mwenye watoto 15 hawezi kumlisha kila mmoja kwa mpira kila baada ya saa tatu na kumwona anayesahau kupumua. Hapo hata mashine 10 hazitasaidia.

Mafunzo ya karibu na ya kurudiwarudiwa yana nguvu kubwa. Wakunga wa hospitali nane za Tanzania walipofundishwa kumkausha mtoto, kumsisimua na kumpa hewa kwa mfuko wa ambu ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya siku za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Hayo yalichapishwa mwaka 2013. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya mpango ulioendelezwa kutoka hospitali ya Haydom, katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kwa wazazi wapatao 300,000. Walifanya mazoezi mafupi mara kwa mara hukohuko kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikapungua kwa asilimia 40. Katika mikoa ile mitano hakuna hata mmoja wa Kusini. Njia imeonekana, viongozi wetu waidai ifike hapa.

Maji, barabara na malaria

Kwa mtu wa uwanda wa Makonde, maji ni habari ya maisha yote. Mchanga wetu hunywa mvua yote, chemchemi ziko chini bondeni, na vizazi vya kina mama wa Newala vimeshuka na kupanda mteremko na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde unasukuma maji kutoka bondeni hadi juu kwa umeme. Umeme ukikatika au pampu ikiharibika, mabomba hukauka. Hili nalihusisha moja kwa moja na watoto mahututi, kwa sababu silaha ya kwanza dhidi ya maambukizi ni mkono ulionawa kabla ya kumgusa kila mtoto. Muuguzi asiye na maji atawagusa watoto kumi kwa mkono uleule. Dawa zetu za maambukizi zinazidi kushindwa na vijidudu sugu, na mtoto aliyeambukizwa kijidudu sugu wodini ana nafasi ndogo. Tenki la akiba kwa ajili ya wodi ya watoto wachanga peke yake, pamoja na kuvuna maji ya mvua kwenye paa lake, ni tiba kamili, iandikwe katika bajeti kama tiba.

Barabara nayo ni tiba. Kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ni kilomita 210, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo imekuwa mchanga na vumbi. Sasa upo mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: anayepiga simu namba 115 bila malipo anatafutiwa usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, hata kwa gari la dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Kila kitongoji kiijue namba hiyo. Na mtoto akisafirishwa, asifungwe kwenye boksi. Afungwe kifuani mwa mtu kwa kanga, kofia kichwani, na hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla hajafika.

Tukumbuke pia kwamba njiti wengine wangeweza kutimiza siku zao. Mkoa wa Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria ya ujauzito hujificha kwenye kondo la nyuma, ikamdumaza mtoto na kumtoa mapema. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria vinavyotolewa kliniki, chandarua, kupima shinikizo la damu na kutibu maambukizi ya njia ya mkojo hupunguza idadi ya wanaotufikia wakiwa wadogo mno.

Tunachodai

Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Ni ushindi uliopiganiwa na watu wengi, akiwemo Doris Mollel, aliyezaliwa njiti mwenyewe na kuanzisha taasisi yenye jina lake mwaka 2015. Lakini mama wa Masasi au Newala, kwa sehemu kubwa, ni mkulima wa korosho, ufuta na mihogo. Hana mwajiri wa kumpa likizo. Akilazwa na mtoto wiki sita wakati wa kuokota korosho, mwaka mzima wa familia umekwenda. Wanaume, hapo ndipo likizo yake inapotoka: kwenu. Chakula kifike wodini kila siku, watoto wengine walishwe, korosho ziokotwe, na asilazimishwe kuomba ruhusa ya kutoka mapema kwa sababu ya shamba. Vyama vya ushirika vinavyokata ushuru kwa kila kilo ya korosho vinaweza pia kutenga kidogo kwa ajili ya chakula na nauli ya kina mama hawa.

Kwa halmashauri zetu, za mji na za wilaya, Masasi na Newala, nadai mambo machache yanayopimika. Kila hospitali ya wilaya iwe na wodi ya watoto wachanga iliyotengwa, yenye vitanda vya kina mama ndani yake. Wauguzi waliofundishwa wasihamishwe wodi hiyo kwa miaka isiyopungua mitatu, na wapewe motisha ya kubaki. Oksijeni isikatike, iwe na umeme wa akiba, kipimo na fundi wa kuitengeneza. Kila kifo cha mtoto mchanga kijadiliwe ndani ya wiki, bila kutafuta wa kumlaumu, kwa nia ya kujua nini kilikosekana. Na kila njiti anayeruhusiwa kwenda nyumbani arudi kliniki ya ufuatiliaji, apimwe macho, masikio na ukuaji, kwa sababu kumtoa mtoto hai na kumsahau akiwa haoni au hasikii ni kazi nusu.

Sera ya nchi inasema huduma kwa mama na mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure. Mzazi anapotumwa dukani kununua kanula na glovu, sera hiyo inavunjwa mbele yake, na inavunjwa kwa sababu fedha hazikutengwa. Kwa hiyo waheshimiwa madiwani, mtakapokaa kupitisha bajeti, msiridhike na taarifa ya jengo linalojengwa. Ulizeni nani yuko zamu usiku huu kwenye wodi ya watoto wachanga, ana watoto wangapi, ana maji, ana oksijeni, na mama zao wamelala wapi. Majibu ya maswali hayo yaandikwe katika muhtasari wa kikao, yasomwe tena kikao kinachofuata, na fedha zifuate pale majibu yanapopungua.